Pindo la Shati Lililokatwa kwa Kosa la Bunduki

Alanko, Rasi ya Juu,
Michigan.
28 Novemba 1988

Kwa Ndugu Taisto Lampinen,
Mwenyekiti,
Kambi ya Uwindaji ya Ziwa la Mierezi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUREJESHEWA PINDO LA SHATI LANGU

Wewe ni mwenyekiti wangu na pia ni shemeji yangu. Barua hii naiandika kwa mwenyekiti. Shemeji atapata salamu zake mwishoni, zikibaki.

Kanuni ya kambi yetu, iliyobandikwa mlangoni tangu mwaka 1931, naijua kwa moyo. Inasema kwamba mwanachama atakayempiga kulungu risasi akamkosa atakatwa pindo la nyuma la shati mbele ya wenzake, nalo litapigiliwa ukutani na halitaondolewa. Siipingi kanuni hiyo. Nilikuwepo ilipotumika kwa wengine na nilicheka kwa kiasi kinachofaa. Ninachopinga ni kutumika kwake kwangu mimi, tarehe 15 Novemba, saa sita mchana, kwa kosa ambalo si langu bali ni la bunduki.

Bunduki yenyewe unaijua. Marehemu baba yangu aliinunua mwaka 1912 kwa mshahara wa mgodini. Ni ya aina inayojipakia yenyewe: mtu akifyatua, mtutu hurudi nyuma pamoja na komeo ndani ya ala yake, ganda la risasi iliyotumika hutupwa nje, na komeo likirudi mbele husukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi, hadi kwenye chemba nyuma ya mtutu. Mwindaji hana kazi nyingine ila kufyatua. Basi mwindaji akishafanya kazi yake, na bunduki isifanye ya kwake, akatwe shati nani?

Nieleze yaliyotokea. Alfajiri ile nilikaa kwenye kisiki changu pembeni ya bwawa la mierezi. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Kulungu dume mwenye pembe za ncha nane alitokea, akasimama ubavu, hatua thelathini na tano kutoka nilipokuwa. Hatua hizo nilizipima baadaye. Nilifyatua. Kuhusu risasi hiyo ya kwanza sina malalamiko, kwa hiyo siijadili.

Ganda halikutoka. Lilisimama wima kwenye tundu la kutokea, komeo limelibana, kama bomba la moshi juu ya paa. Nilivua glavu nikaling'oa kwa vidole. Risasi ya pili ilipanda na pua yake juu mno, ikagonga ukingo wa chemba, ikakwama hapo. Niliitoa kwa kisu. Ya tatu, komeo liliipita bila kuigusa likafunga chemba tupu. Nilipofyatua, bunduki ilisema "tik". Muda wote huo kulungu alikuwa akinitazama. Kwa makadirio yangu ni dakika moja na nusu. Alikula majani ya mwerezi, akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kisha akaondoka kwa kutembea. Narudia: kwa kutembea. Alitembea moja kwa moja hadi alipokaa Mama Mchungaji, Bi. Lempi Harju, ambaye kwa bunduki yake ya risasi moja moja, na pasti, andazi la nyama, ikiwa imebaki nusu mapajani, alimwangusha papo hapo.

Yaliyosemwa kambini mchana nayaandika kama yalivyosemwa, ili kumbukumbu zisipindishwe. Reino Ojala alianza hata kabla sijavua buti.

"Mzee Arvo! Nimesikia mlio mmoja, nikasema leo nyama ipo. Halafu nikasikia matusi ya Kifini, nikasema aa, basi."

Nilieleza kwa utaratibu kwamba bunduki ilikwama.

"Mwaka jana jua lilikuingia machoni, hukufyatua," Reino akasema. "Mwaka juzi chafya ikamfukuza kulungu kabla ya risasi. Mwaka huu bunduki. Mwakani utampeleka kulungu mahakamani."

"Mwacheni Mzee ale kwanza," akasema Mama Mchungaji. "Shati halina miguu, litakimbilia wapi?"

Wewe, Ndugu Mwenyekiti, ulikuwa tayari umeshika mkasi. Ulisema, "Shemeji, simama, geuka, chomoa shati. Kanuni ni kanuni."

Nilikuomba jambo moja tu. Nilisema, "Si hili, Taisto. Nipe dakika mbili nikabadilishe."

Ukajibu, "Aa-aa. Shati ni lile ulilokosea nalo. Ukibadilisha, tutakata nini, leso?" Watu wakacheka, nawe ukakata.

Sikusema sababu mbele ya watu, na sikupaza sauti. Sasa naisema kwa maandishi. Shati lile la sufu, jekundu na jeusi, alilishona dada yako Aune, mke wangu, katika majira ya baridi ya mwisho ya maisha yake. Cherehani ilikuwa imeharibika, kwa hiyo pindo lote alilishona kwa mkono, amekaa kando ya dirisha la jikoni na miwani yangu, kwa kuwa ya kwake hakujua ilipo. Alilifanya refu kupita kipimo, maana nilikuwa nikilalamika kwamba nikiinama mgongo unapata baridi. Ndiyo sababu mkasi wako ulipata kipande kikubwa kiasi kile. Hakuna kitu kingine alichoshona baada ya hapo.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mafuta. Mwezi Oktoba Reino alinipa kopo la mafuta ambalo, kwa maneno yake, "hayagandi hata kuzimu". Aliniambia, "Paka bila huruma, Mzee." Nilipaka bila huruma. Kwa baridi ya tarehe 15 mafuta hayo yalikuwa kama uji uliolala. Mtutu ambao ulipaswa kurudi nyuma kwa nguvu ulirudi kwa mwendo wa mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu, na komeo halikufika mwisho wa safari yake. Ganda likatolewa nusu, likaachwa mlangoni.

2. Sauna. Tarehe 14, mkesha wa msimu, tulioga wote kwa mvuke wa mawe ya moto, kama ilivyo desturi. Bunduki yangu niliitundika katika chumba cha kuvulia nguo, kwa kuwa baba yangu alifanya hivyo, na kwa kuwa bunduki ya mtu mzima hailali nje kama sleji ya kuburuta kwenye theluji. Kila mlango ulipofunguliwa mvuke ulitoka ukaingia ndani ya chuma. Asubuhi nilipoitoa kwenye baridi, unyevu huo uligeuka barafu ndani ya chemba, na ganda likashikwa kama ulimi wa mtoto aliyelamba bawaba ya geti iliyoganda kwa baridi. Nakiri kwamba uliniambia, "Shemeji, toa hiyo bunduki, chuma na mvuke havipatani." Lakini ulisema hivyo ukiwa uchi, umeshika kifungu cha matawi ya mti wa mbetula cha kujichapia mgongo, na mimi sichukui ushauri wa kiufundi kwa mwenyekiti aliye katika hali hiyo. Aidha, wewe mwenyewe ulimwaga maji juu ya mawe kata kumi na moja. Nilihesabu. Kata sita zingetosha.

3. Baruti. Risasi za bunduki hii haziuzwi tena dukani, na kwa miaka minane Mama Mchungaji amekuwa akinijazia maganda upya juu ya meza yake ya jikoni, baina ya kazi ya kwaya na kazi ya unga. Ninamshukuru. Lakini alinikabidhi za mwaka huu kwa maneno haya: "Mzee Arvo, chuma cha mwaka kumi na mbili hakitaki fujo. Nimezipunguzia baruti kidogo, kama chumvi kwa mgonjwa." Bunduki inayojipakia yenyewe hujipakia kwa nguvu ya teke lake. Ukiipunguzia teke, komeo halirudi nyuma ya kutosha kuishika risasi inayofuata, nalo hufunga chemba tupu, kama lilivyofunga. Za kwake mwenyewe hakuzipunguzia. Sisemi alifanya makusudi. Nasema tu kwamba kulungu yuko kwenye friza yake.

4. Midomo ya magazini. Risasi huongozwa kwenda kwenye chemba na midomo miwili ya bati iliyo juu ya magazini. Mdomo wa kushoto umepinda kwa nje, na ndiyo sababu pua ya risasi ya pili ilitazama mbinguni. Ulipinda mwezi Novemba mwaka 1974, wakati wewe, Ndugu Mwenyekiti, ulipoutumia kufungulia chupa ya bia. Nilikuwepo. Bia ilikuwa yangu.

5. Springi ya magazini. Marehemu baba yangu aliiweka bunduki hii nyuma ya mlango wa jikoni kila alipotoka kuwinda, na risasi tano ndani, tangu mwaka 1923 hadi mwaka 1951, kwa sababu ya mbwamwitu aliyemwona mara moja. Mbwamwitu hakurudi. Springi, baada ya kubanwa miaka ishirini na minane, ilichoka, na haina nguvu ya kuzipandisha risasi kwa wakati. Jambo hili sikulijua. Baba yangu hawezi kuhojiwa, kwa hiyo lawama naipeleka kwa kamati.

6. Ndoano. Mbele ya komeo kuna ndoano ndogo inayolivuta ganda kutoka kwenye chemba. Imemeguka ncha, upana wa punje ya ngano. Hapa nilitafuta mtu wa kulaumiwa kwa siku tatu nisimpate. Hii nayo ipelekwe kwa kamati.

7. Kulungu. Mwenendo wake ulinidhuru kuliko yote yaliyotangulia. Kulungu mwenye adabu akisikia mlio hukimbia, na kila mtu huelewa kwamba mwindaji hakupata nafasi. Huyu alisimama, akala. Kwa kufanya hivyo aliwafanya watu wa kambi waamini kwamba nilikuwa na muda wa kutosha, jambo ambalo ni kweli lakini halikupaswa kuonekana.

Kutokana na hayo nimefanya hesabu. Ili kulungu akoswe, kunahitajika mpigaji, bunduki, mafuta, baruti, hali ya hewa na kulungu mwenyewe. Mafuta ni ya Reino. Baruti ni ya Mama Mchungaji. Mvuke na mdomo wa magazini ni vya Mwenyekiti. Springi na ndoano ni vya kamati. Kulungu hana shati. Pindo lililokatwa lina urefu wa sentimita arobaini na mbili. Ukiligawa kwa haki baina ya wahusika wote, sehemu yangu ya kosa ni upana wa vidole viwili, na hiyo niko tayari kuikubali endapo itakatwa kwenye shati jingine.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mambo yafuatayo yaamuliwe katika mkutano wa Jumamosi.

Kwanza, pindo langu lirejeshwe, likiwa zima na bila kufuliwa.

Pili, mahali pake ukutani pawekwe pindo la Reino, pindo la Mwenyekiti, na aproni ya Mama Mchungaji, kwa kuwa gauni la mama wa kanisa haligusiki.

Tatu, sauna ya kambi ifungwe kwa kufuli tangu tarehe 1 hadi tarehe 30 Novemba ya kila mwaka. Natambua kwamba uamuzi huu utawafanya baadhi ya wanachama wahame kambi, wengine wahame wilaya, na wachache wahame Ulutheri. Haki ina gharama.

Nne, mapindo yote arobaini na matatu yaliyo ukutani yachunguzwe upya. Ikiwa langu lilikatwa kwa kosa la bunduki, ni nani anayeweza kuapa kwamba mengine hayakukatwa hivyo? Ishirini na tisa ni ya watu waliokwisha kuzikwa. Bunduki zao zitafutwe kwa warithi, zipigwe mbele ya tume, na wale watakaoonekana hawana hatia wasomewe majina yao makaburini. Nakumbusha kwamba mawili ni ya baba yangu, la mwaka 1934 na la mwaka 1938, yote kwa bunduki hii hii. Bunduki iliyokosa mara tatu mikononi mwa vizazi viwili haina bahati mbaya. Ina tabia mbaya.

Tano, kanuni irekebishwe, ili bunduki itakayokwama ikatwe mkanda wake wa begani, mbele ya bunduki nyingine.

Maombi haya yakikataliwa, nitalazimika kujiuzulu uanachama wangu wa miaka arobaini na mmoja, na tarehe 15 Novemba ijayo nitabaki nyumbani. Unajua kwamba katika kijiji chetu hakuna mwanamume aliyewahi kubaki nyumbani siku hiyo, isipokuwa waliokufa na yule mmoja aliyekuwa jela, ambaye naye aliomba ruhusa. Sitishi mtu. Naeleza tu hatua nitakayoichukua, nikae jikoni, nisikilize milio ya wengine.

Salamu zangu zimfikie Reino, pamoja na kopo lake la mafuta, ambalo nimelifunga vizuri na nitalirudisha. Msalimie Mama Mchungaji, na umwambie kwamba kipande cha paja alichonitumia kilipikika vizuri, ingawa nilikila kwa uchungu. Wasalimie wanakamati wote, hata wale waliocheka kwa sauti. Mke wako apewe salamu za pekee, na ashukuriwe kwa mkate wa hiliki. Nawe shemeji, zimebaki chache, zipokee.

Wako katika utii wa kanuni, zikitumiwa vizuri,

Arvo Niskala,
Mwalimu Mstaafu.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, fundi bunduki Verner Hyry alinipigia simu kwamba kazi imekwisha, kwa hiyo nimeichelewesha barua hii kwa siku mbili ili niambatishe taarifa yake kama ushahidi. Amethibitisha kila nilichokiandika. Mafuta ameyaosha kwa mafuta ya taa, na kuweka mengine mepesi, matone matatu tu. Chemba ilikuwa na kutu ya unyevu. Ameisugua hadi inang'aa. Mdomo wa magazini ameunyosha, springi ameweka mpya, na ndoano ameichonga upya kwa mkono. Mama Mchungaji naye alileta risasi kumi zenye baruti kamili, akasema, "Haya Mzee, hizi zina chumvi."

Jana asubuhi tulikwenda mimi na Verner kwenye shimo la changarawe kuijaribu. Tuliweka katoni ya maziwa, hatua thelathini na tano. Nilipiga risasi tano, moja baada ya nyingine, bila haraka. Zote tano zilipanda sawasawa. Maganda yote matano yalitoka, yakaangukia upande wa kulia kwa mpangilio mzuri, niliyaokota kwenye theluji mwenyewe. Sijawahi kuiona ikifanya kazi vizuri namna ile, hata enzi za baba.

Katoni haikuwa na tundu.

Verner aliiokota, akaizungusha, akatazama na upande wa nyuma. Kisha akasema, "Basi Mzee, bunduki imepona." Akaichukua, akapiga tano zilizobaki, na katoni ikawa chujio. Njiani kurudi alizungumzia bei ya springi tu, na kwa hilo namheshimu.

Imenibidi, kwa hiyo, kuijadili ile risasi ya kwanza. Ilitoka kabla ya kukwama kokote. Mafuta, mvuke, baruti, mdomo, springi na ndoano vyote vilikuja baada yake. Nimetafuta njia nyingine ya kulieleza jambo hili, kwa kalamu na kwa penseli, sikuipata.

Namba moja hadi saba zifutwe. Sauna iachwe wazi. Pindo libaki ukutani, maana kanuni inasema halitaondolewa, na sijasikia kwamba ilitungwa kwa ajili ya wengine tu. Lakini nilipokuja Jumapili kuchukua buti zangu niliona kwamba Reino amelipigilia karibu na bomba la jiko. Bomba likipata moto litaiunguza sufu ile, na Aune hayupo wa kushona jingine. Lisogezwe upande wa dirishani. Usiliguse wewe, Taisto, wewe una haraka. Nitakuja Jumamosi mapema, kabla ya mkutano, na nyundo yangu.